Soma Mpaka Nukta ya Mwisho, Kisha Mpe Mwenzako

Saa moja asubuhi Chimala imeshaamka zamani. Kwenye vibanda vya chai kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, redio zinasoma magazeti. Mtangazaji anaruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, na kabla maandazi hayajaisha kwenye sahani kila mtu ameshajua waziri gani katumbuliwa, nani kahama chama, Simba na Yanga wanamgombania mchezaji yupi. Saa mbili ubishi umeshika moto. Wanaobishana ni watu wazima wenye akili zao, wanaojua bei ya gunia la mpunga Igurusi na Ubaruku bila kuuliza mtu. Ila kila mmoja ana sentensi moja tu ya kila habari, na sentensi hiyo ni ileile aliyonayo mwenzake.

Ndugu zangu, sentensi moja haitutoshi. Sisi tunaishi mahali ambapo sera ya maji, ya umeme, ya hifadhi, ya mifugo na ya mchele zote zinakutana kwenye bonde moja. Mtu wa mahali kama hapa akiishia kwenye vichwa vya habari, mambo yake yataamuliwa na watu waliosoma kurasa zote, naye ataletewa uamuzi ukiwa umeshagongwa muhuri.

Ninachokuomba hakigharimu pesa nyingi. Kila wiki tafuta makala moja ndefu, iliyoandikwa na mtu aliyekwenda, aliyeuliza, aliyekaa na jambo mpaka likamfungukia. Isome mpaka nukta ya mwisho. Halafu mpe mtu mmoja. Usiitupe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ikazikwa na picha za salamu za asubuhi. Mpe mtu mmoja, kwa jina lake, umweleze kwa nini umemchagua yeye.

Nianze na maji, kwa sababu hakuna mtu wa Chimala asiye na neno juu ya maji.

Mto Chimala unashuka kutoka kwenye milima iliyo mgongoni kwetu. Kama ilivyo kwa Mbarali, Kimani na Ndembera, maji yake yanaelekea tambarare ya Usangu, yanaingia kwenye kinamasi cha Ihefu, yanatokea Ng'iriama, na kuanzia hapo ndiye Ruaha Mkuu wa hifadhini, wa mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwishoni mwa mwaka 1993 mto huo, ambao wazee waliuzoea ukitiririka masika na kiangazi, ulikatika ndani ya hifadhi. Baada ya hapo kukatika kukawa desturi ya kila kiangazi. Miaka hiyohiyo nchi ilikuwa inaonja mgao wa umeme, na taa zilipozimika Dar es Salaam kidole kikaelekezwa huku juu: wafugaji wamejaza ng'ombe Ihefu, wakulima wa mpunga wameumaliza mto. Vichwa vya habari vilivyobeba maneno hayo vilikuwa vifupi na vyepesi kukumbuka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi, akiwa London, kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao wakaondolewa Ihefu, wengi wakaishia Pwani na Lindi. Mwaka 2008 likatoka tangazo la serikali, GN 28, na Usangu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Huku wilayani Mbarali hata mtoto wa shule ya msingi ameisikia namba hiyo nyumbani kwao.

Sasa sikiliza habari ndefu inasema nini. Kati ya 1998 na 2001 palikuwa na mradi wa utafiti Usangu uliojulikana kwa herufi zake, SMUWC, kwa ufadhili wa Uingereza. Watu wake walipima maji mitoni na kwenye mifereji, wakachunguza mifugo, mpunga na majani ya Ihefu, wakazungumza na wanavijiji. Walichokikuta hakikufanana na vichwa vya habari. Mto ulikuwa unakatika kiangazi hasa kwa sababu mabanio ya mifereji, ya mashamba makubwa na ya wakulima wadogo, yaliendelea kuvuta maji hata miezi ambayo mpunga haupo shambani. Ng'ombe hawakuwa chanzo kikuu. Na mgao wa umeme? Watafiti waliochambua takwimu za Mtera na Kidatu walionyesha kwamba namna mabwawa yale yalivyoendeshwa, yaani lini maji yafunguliwe na kwa kiasi gani, ilikuwa na mkono wake katika upungufu ule.

Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyewahi kufanya kazi Usangu, aliikusanya hadithi yote hii kwenye makala ya kurasa zaidi ya 30 katika jarida la kitaaluma la masomo ya Afrika Mashariki. Anaonyesha hofu ya mto kukauka ilivyozaliwa, ikalelewa na miradi, na vyombo vya habari, na wanasiasa, mpaka ikawa sera ya nchi. Imeandikwa kwa Kiingereza na ina tanbihi nyingi. Hata hivyo naipendekeza kwa kila mwalimu wa sekondari wa wilaya hii, kwa kila diwani, kwa kila kijana wa chuo aliyerudi nyumbani likizo, kwa sababu inazungumzia mlango wetu. Aisome, kisha akae na baba yake aliyekuwepo mwaka 1993 amsimulie kwa Kiswahili. Baba atakuwa na la kuongeza.

Tazama tarehe hizo tena. Mradi ulimaliza kazi 2001. Ng'ombe waliondolewa 2006. Kwa miaka mitano majibu yalikuwepo, yameandikwa, yana jedwali na ramani, na yakakaa kwenye makabati kwa sababu hapakuwa na wasomaji wa kutosha wa kuyatoa humo na kuyapigia kelele. Hilo linaniuma, na naomba likuume na wewe. Kisa chenyewe bado kinaendelea. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa REGROW, wa dola milioni 150, wa kukuza utalii kusini mwa nchi, Ruaha ikiwemo. Malalamiko ya wakazi wa Mbarali yakafika hadi Washington. Aprili 2024 benki ikasimamisha fedha, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Kama ulipitwa na habari hiyo, hukupitwa peke yako. Ilipita redioni asubuhi moja, sentensi moja, kabla ya michezo.

Kwa nini urefu? Kwa sababu visababishi vya mambo havikai mahali pamoja. Banio moja liko Chimala, bwawa liko Mtera, mkopo uko Washington, sheria iko Dodoma, na mwenye ng'ombe ameshafika Lindi. Mwandishi anayetaka kuviunganisha lazima asafiri, na sisi wasomaji lazima tumpe muda wa kutusafirisha.

Mfano ulioniingia moyoni unatoka mbali sana na Usangu. Februari 1955 mabaharia wanane wa jeshi la majini la Colombia walianguka baharini kutoka kwenye manowari iliyoitwa Caldas. Mmoja tu alinusurika, Luis Alejandro Velasco, baada ya siku kumi juu ya chelezo bila chakula. Serikali ilisema ni dhoruba. Magazeti yakamshangilia shujaa, akatangaza saa na viatu, habari ikachuja. Ndipo mwandishi kijana wa gazeti la El Espectador, Gabriel García Márquez, akaketi naye kwa vikao 20, kila kikao cha muda wa saa sita, akimuuliza mambo madogomadogo: ulishika nini, upepo ulitoka upande gani, kwenye sitaha palikuwa na nini. Katika majibu hayo ukweli ukajitokeza wenyewe. Hapakuwa na dhoruba. Manowari ilikuwa imebeba kwa magendo majokofu, televisheni na mashine za kufulia, na mzigo uliolegea ndio uliowafagia wale vijana. Gazeti likaichapisha kwa sehemu 14, na watu wakagombania nakala. Mtu aliyeuliza maswali matano tu angerudi na ile dhoruba ya serikali. Hata Wamarekani, waliokuwa wameshaona picha za bomu la atomiki, wengi waliujua uchungu wa Hiroshima Agosti 1946 jarida la The New Yorker lilipoacha kila kitu kingine na kumpa John Hersey toleo zima aeleze maisha ya watu sita walionusurika.

Usiniambie huo ni utamaduni wa wageni. Kiswahili kina habari ndefu za safari tangu enzi za Wajerumani. Salim bin Abakari alimfuata bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896 hadi Saint Petersburg, Moscow na kisha Siberia, akaandika kwa Kiswahili alichokiona: baridi, watu, vyakula, misikiti ya Waislamu wa huko, namna watu walivyomshangaa yeye mtu mweusi na yeye alivyowashangaa wao. Maandishi yake yamo kwenye kitabu Safari za Wasuaheli kilichochapishwa Ujerumani 1901, pamoja na ya wenzake walioeleza safari za bara. Fikiria hilo kidogo. Mwandishi wa Kiswahili alikuwa anaripoti kutoka Siberia kabla reli yoyote haijafika nyanda zetu hizi, na leo tunaambiwa Mswahili hapendi kusoma!

Halafu likaja Mambo Leo, jarida la Idara ya Elimu, mwaka 1923. Lilikuwa la serikali ya kikoloni, na lilikuwa na mipaka yote ya chombo cha mkoloni. Lakini wasomaji wenyewe walilijaza: mmoja analeta historia ya ukoo wake, mwingine desturi za harusi za kwao, mwingine shairi la kumjibu mwenzake wa mkoa wa mbali. Martin Kayamba alipokwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, alirudi na kitabu kizima, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka 1932. Alielewa kwamba waliobaki nyumbani wana haki ya kujua kilichotokea huko kwa urefu wake.

Na kwa wale wanaodhani makala ya gazeti huisha ladha jua likizama, nawapa jina la Stan Katabalo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika gazeti la Mfanyakazi, aliandika mfululizo juu ya kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilichokabidhiwa kwa mkubwa wa kijeshi kutoka Falme za Kiarabu. Aliandika toleo baada ya toleo: nani alisaini, kwa utaratibu gani, wananchi wa pale waliulizwa au hawakuulizwa. Alifariki 1993, bado kijana. Moto ulipowaka Loliondo mwaka 2009, na tena Juni 2022 vigingi vya mpaka vilipokuwa vinasimikwa, aliyekuwa amemsoma Katabalo hakuhitaji mtu wa kumweleza ugomvi ulianzia wapi. Kazi yake ilikuwa bado inafanya kazi miaka 30 baadaye. Video gani ya sekunde 30 itakufaa mwaka 2055?

Kizazi kilichofuata kilikuwa na Rai, gazeti lililoanza mwaka uleule wa 1993, na baadaye Raia Mwema, ambako watu walinunua nakala kwa ajili ya ukurasa wa Jenerali Ulimwengu na kuusoma polepole mwishoni mwa wiki. Nakala moja ilikuwa inatoka kwa mwalimu, inakwenda kwa bwana shamba, inakwenda kwa katekista, inarudi imechakaa kingo. Ule mzunguko ndio ninaoutaka urudi. Wala hauhitaji karatasi. The Chanzo, kwa mfano, inachapisha kwa Kiswahili na Kiingereza, ripoti na uchambuzi wa kina, na inasomwa kwenye simu. Mwananchi bado lina waandishi wa mikoani wanaopewa nafasi mara mojamoja kuchimba jambo. Kila mwaka angalia washindi wa tuzo za EJAT, zinazoandaliwa na Baraza la Habari Tanzania tangu 2009. Majina ya washindi hutangazwa, na kazi zao huwa zimeshachapishwa. Chukua jina moja, tafuta kazi iliyompa tuzo. Umeshapata makala ya wiki.

Nikitaja waandishi wa mikoani lazima nisimame Nyololo. Kila basi linalotoka Chimala kwenda Iringa linapita pale, katika wilaya ya Mufindi. Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa pale Nyololo akiwa kazini, wakati polisi walipokuwa wanatawanya shughuli ya chama cha siasa. Alikuwa mtu wa Rungwe, jirani yetu. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Na tarehe 21 Novemba 2017, huko Kibiti, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, alichukuliwa na watu wasiojulikana na hajaonekana tena. Siwataji hawa ili nikutishe. Nawataja kwa sababu habari uliyoiacha katikati kwa kusema ni ndefu, kuna mtu aliyeifuata kwa pikipiki, kwa miguu, na wengine kwa maisha yao. Dakika 20 za macho yako ni kitu gani mbele ya hapo?

Sasa tuzungumze kama watu wa kazi. Ndefu si lazima iwe nzuri; zipo zinazorefuka kwa sababu mwandishi hakujua pa kukata. Mimi naangalia kama amefika. Anayeandika Usangu bila kulitaja banio hata mara moja, hajafika Usangu. Naangalia kama amemsikiliza na yule asiyekubaliana naye, na amempa nafasi ya kusema hoja yake kwa nguvu zote. Naangalia kama ananieleza amejuaje: nyaraka gani, shahidi gani, alisimama wapi. Akinipa namba, natafuta namba ipi ya kulinganisha nayo. Mwandishi anayeniheshimu huniachia mlango wa kumkagua.

Kuna mama mmoja muuza mchele hapa Chimala ambaye hajawahi kununua gazeti. Mwanawe yuko kidato cha tatu. Jioni mama anapepeta na kuchagua mawe kwenye ungo, kijana anamsomea kutoka kwenye simu. Siku moja nilikuwepo wakati anasomewa makala ndefu juu ya biashara ya mchele. Mama hakunyamaza hata kidogo. "Rudi hapo. Nani kasema bei hiyo ni ya shambani? Hiyo ni ya mashineni, tena ya mwezi wa pili." Kijana akarudi nyuma aya mbili, wakakuta kweli mwandishi amechanganya bei ya mpunga na ya mchele. Yule kijana, ambaye shuleni hulalamika kwamba ufahamu ni mgumu, alikuwa ametoka kufanya ufahamu wa daraja la juu, na mwalimu wake alikuwa na ungo mapajani. Ndiyo maana sikubali kabisa kauli kwamba makala ndefu ni za wasomi wa mjini. Anayejua kazi yake kwa undani ndiye msomaji mkali kuliko wote, na Chimala ina watu wa namna hiyo kila nyumba.

Usiogope bando pia. Makala ya maneno elfu tano mara nyingi inakula bando kidogo kuliko video fupi ya mtu anayecheza. Ukiwa na mtandao mzuri ifungue, ihifadhi kwenye simu, kisha uisome ukiwa shambani unasubiri zamu yako ya maji, au kwenye Kosta ya kwenda Mbeya mjini. Safari hiyo inatosha kumaliza makala na kubaki na muda wa kubishana nayo kichwani. Kiingereza kikikusumbua, soma na mwenzako: mmoja ana lugha, mwingine ana uzoefu wa jambo lenyewe, na mkikaa wawili mnaelewa zaidi kuliko profesa aliye peke yake.

Na unapompa mtu makala, mpe vizuri. Kumtumia kiungo kitupu na neno "soma hii" ni kumtupia kazi. Mwambie: "Kaka, wewe ulikuwa Ihefu 2006. Kuna jamaa ameandika kuhusu ng'ombe na maji, sehemu ya katikati anasema kitu nadhani utakipinga. Soma, Jumapili tukitoka kanisani uniambie." Hapo umempa sababu, umempa pa kuanzia, na umempa siku. Dada anayeuza viazi vya Matamba mpe habari ya barabara na masoko. Mwalimu wa biolojia mpe ya hifadhi ya Kitulo. Kijana anayesema siasa haimhusu mpe ya mgao wa umeme, ambayo inamhusu kila anapochaji simu. Mpendekezaji mzuri anawajua watu wake kama muuza duka anavyojua nani anachukua sukari ya robo na nani anachukua kilo.

Baada ya muda utaanza kuona pengo, nami nangoja kwa hamu siku utakayoliona. Utatafuta makala ndefu ya Kiswahili juu ya jambo fulani la hapa kwetu, na hutaipata, kwa sababu haijaandikwa. Chukua okidi za Kitulo. Uwanda ule juu yetu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake, na watu wa kule wanauita Bustani ya Mungu. Miaka michache kabla ya hapo watafiti walikadiria kwamba viazi vya okidi vilivyokuwa vikichimbwa katika nyanda hizi na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda vilifikia mamilioni kwa mwaka. Nani alichimba? Alilipwa shilingi ngapi kwa debe? Mizigo ilipitaje Tunduma? Aliyekuwa anachimba akiwa kijana sasa ana miaka 45 na anaweza kuhojiwa kesho. Chukua TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ambayo ilibadilisha maisha ya watu wote wa kando yake. Chukua wanawake wanaopandikiza mpunga kwa vibarua, migongo imeinama tangu alfajiri, ambao majina yao hayajawahi kuonekana kwenye ripoti yoyote ya kilimo.

Au chukua ile barabara inayoanzia hapahapa Chimala na kupanda kwenda Matamba, kona baada ya kona mpaka 57, na ndiyo sababu yenyewe inaitwa Hamsini na Saba. Maisha ya Makete nzima ya upande huu yanateremka pale: viazi, mbao, wagonjwa, wanafunzi, maharusi. Sijaona mwandishi aliyeipanda kwa makala ndefu ya Kiswahili. Kijana, una simu yenye kinasa sauti, una daftari, na lori la kwanza la viazi linateremka mapema. Panda nalo likirudi juu. Muulize dereva amebeba nini, kanunua kwa nani, nani anampangia bei, na kona ipi aliwahi kupoteza mwenzake. Kisha mshuke Matamba, umtafute aliyelima vile viazi, umuulize maswali yaleyale.